Nimepaka losheni ya jua na bado nimebabuka: tatizo liko wapi?

Wanaonirudia dukani na chupa mkononi huwa wamebabuka shingo, au wana madoa mashavuni yaliyokataa kuondoka, au wameshika mkono wa mtoto mwenye ualbino ambaye midomo imempasuka. Wengi wameshajihukumia kwamba waliuziwa feki. Feki zipo na nitazifikia, lakini mara nyingi losheni ni nzima. Shida ni kwamba ilipimwa katika mazingira tofauti kabisa na yale ya mtu anayeshinda shambani Chamwino au juu ya bodaboda mjini Dodoma. Ukielewa namba iliyoandikwa kwenye chupa ilipatikanaje, unaweza kutambua mwenyewe pale mambo yalipokwenda kombo. Nimeyapanga malalamiko kama yanavyosemwa pale dirishani.

"Dokta, nimepaka asubuhi na bado nimebabuka"

Hili ndilo lalamiko kubwa, na chanzo cha kwanza cha kukagua ni kiasi.

Namba ya SPF, yaani ile ya kiwango cha kinga iliyoandikwa kwenye chupa, hupatikana hivi. Wanachukuliwa watu wasiopungua 10, wenye ngozi nyeupe inayoungua kirahisi. Mgongoni kwao wanachorewa vipande vidogo, vingine vinapakwa losheni na vingine vinaachwa wazi, kisha vinamulikwa kwa taa ya zenoni inayotoa miale ya UV, ile isiyoonekana inayounguza ngozi, kama ya jua. Siku inayofuata mpimaji anaangalia ni kipimo gani kidogo kabisa cha miale kilichoanza kuleta wekundu. Kama ngozi iliyopakwa ilihitaji miale mara 30 ya ile iliyoiunguza ngozi tupu, hiyo ni SPF 30. Utaratibu huu umewekwa katika kiwango cha kimataifa ISO 24444, na ndani yake kuna sharti moja ambalo mnunuzi haambiwi: losheni inapakwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba ya ngozi.

Hicho ni kiasi kikubwa. Kwa mtu mzima ni nusu kijiko cha chai kwa uso, masikio na shingo, nusu nyingine kwa kila mkono, na kijiko kizima kwa kila mguu. Watu wengi, na si Tanzania tu, hupaka nusu ya hapo au robo. Ukipaka nusu, kinga inashuka hadi karibu nusu, pengine chini yake. Chupa inasema 30, ngozi inapata 15 au chini ya hapo.

Sasa piga hesabu ya fedha, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Uso, shingo na mikono miwili ni kijiko kimoja na nusu, yaani mililita 7 na nusu. Chupa ya mililita 100 inatoa mipako 13. Ukipaka mara tatu kwa siku, inaisha siku ya tano. Kwa hiyo mtu akiniambia chupa moja imemtosha miezi miwili, najua bila kumuuliza zaidi kwamba amekuwa akijipaka harufu. Simlaumu; bei ni bei. Ninachomshauri ni kupunguza eneo la kupaka. Shati la mikono mirefu, suruali au sketi ndefu na kofia pana vinafunika sehemu kubwa ya mwili bila kuisha, na losheni inabaki kwa uso, shingo na viganja kwa nyuma, ikipakwa kwa kiasi kinachotakiwa.

Chanzo cha pili ni muda. Kuna imani kwamba SPF 30 maana yake ni dakika kadhaa zilizozidishwa mara 30. Si hivyo. Kinachopimwa ni wingi wa miale, na wingi huo unabadilika na saa. Nusu saa ya saa mbili asubuhi na nusu saa ya saa saba mchana ni mizigo miwili tofauti kabisa. Dodoma iko magharibi ya mstari unaopangia saa zetu, kwa hiyo jua letu halifiki juu kabisa saa sita kamili. Linafika kati ya saa 6:20 na saa 6:50 mchana kutegemea mwezi. Anayetoka nje saa saba akidhani kilele kimeshapita zamani anatoka katikati yake. Kipimo ambacho hakihitaji saa wala simu ni kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe mwenyewe, jua ni kali na unahitaji kinga.

Paka dakika 15 hadi 20 kabla ya kutoka ili losheni itulie juu ya ngozi, kisha rudia kila baada ya saa mbili. Mpako wa saa moja asubuhi kabla ya kwenda shule haupo tena saa sita mchana.

Chanzo cha tatu ni jasho na leso. Chupa iliyoandikwa kuwa inastahimili maji imepimwa kwa kumwingiza mtu kwenye maji kwa vipindi vya dakika 20, akitoka anakaushwa bila kusuguliwa, anarudi tena. Marekani inaruhusu madai mawili tu, dakika 40 au dakika 80, na tangu kanuni za mwaka 2011 imekataza kuandika kwamba losheni haitoki kabisa kwa maji au kwa jasho. Hakuna aliyempima mtu anayepalilia zabibu Hombolo huku akifuta uso kwa mkono wa shati kila baada ya mistari miwili. Ukifuta uso, umeifuta losheni. Paka upya.

Na sehemu zinazosahaulika ni zilezile kila mara: masikio, nyuma ya shingo, midomo, juu ya miguu kwenye kandambili, na utosi kwa walionyoa.

"Lakini kulikuwa na baridi siku hiyo"

Juni na Julai hapa asubuhi unavaa sweta, upepo unavuma toka alfajiri, na watu wanaweka losheni kabatini. Joto unalolisikia kwenye ngozi halitokani na miale inayounguza. Miale ya UV haina joto la kusikika, kwa hiyo upepo unaokupoza haukupunguzii hata chembe yake. Katikati ya Juni, jua la Dodoma bado linapanda hadi nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Mwanzoni mwa Machi, kisha tena kwenye wiki ya pili ya Oktoba, linapita utosini moja kwa moja. Ongeza kwamba mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na miale ya UV huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Aliyezoea jua la Dar es Salaam, akaja Dodoma akaona hewa ni kavu na jasho halimtoki, hujiachia kuliko alivyokuwa akijiachia pwani.

Mawingu mepesi nayo huruhusu sehemu kubwa ya miale kupita. Mawingu mazito meusi ya masika ndiyo yanayozuia kwa kweli.

"Mimi ni mweusi, sibabuki, ila uso unazidi kuwa na madoa"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndilo swali ninaloulizwa na kina mama wengi na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi.

Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili. Vipimo vya miaka ya 1970 vilikadiria kwamba tabaka la juu la ngozi nyeusi linakinga kwa kiwango cha SPF 13 hivi, dhidi ya 3 hivi kwa ngozi nyeupe. Ndiyo maana mkulima wa Kongwa anashinda juani bila kubabuka. Lakini SPF inapima jambo moja tu: wekundu unaoletwa hasa na UVB, aina moja ya miale ya UV. Madoa ya kahawia ya mashavuni na paji la uso, yale yanayoanza na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango na yanayoitwa melasma, yanachochewa pia na UVA, aina nyingine ya miale hiyo, na hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Namba ya SPF peke yake haikuambii lolote kuhusu hivyo viwili.

Kwa hiyo angalia mambo mawili kwenye chupa. La kwanza ni ushahidi wa kinga dhidi ya UVA. Bidhaa za Ulaya zina herufi UVA ndani ya duara, maana yake kinga ya UVA imefikia angalau theluthi moja ya SPF. Za Marekani zimeandikwa "broad spectrum". Chupa yenye SPF 50 bila alama yoyote ya UVA haimfai mwenye madoa, hata kama namba inavutia. La pili ni rangi. Losheni zenye rangi ya ngozi huwekwa oksidi za chuma, na hizo ndizo zinazozuia mwanga unaoonekana. Losheni isiyo na rangi, hata iwe bora namna gani, inauachia mwanga huo upite. Mwenye melasma anufaike kwanza na hiyo yenye rangi, akipata inayofanana na ngozi yake.

Kuna na dirisha. Kioo cha kawaida kinazuia karibu UVB yote lakini kinapitisha sehemu kubwa ya UVA, ndiyo maana abiria haungui na bado anaathirika. Mwaka 2012 jarida moja la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye miaka 69 aliyeendesha kwa miaka 28: upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa dirishani, umekunjamana kuliko wa kulia. Kwetu usukani uko kulia, basi wanaoendesha malori na mabasi ya Dodoma na Singida wakague shavu la kulia na mkono wa kulia. Kioo cha mbele cha gari kina nafuu, kwa kuwa katikati yake kuna utando unaozuia UVA.

Kisha ni lazima niulize kuhusu mkorogo, na nauliza kwa upole kwa sababu najua jibu linauma kulitoa mbele za watu. Krimu zenye haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali zimepigwa marufuku katika vipodozi Tanzania, na bado zinauzwa. Steroidi inaifanya ngozi ya uso kuwa nyembamba. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu, hasa juani, inaweza kuacha weusi wenye rangi ya buluu ambao hautoki tena kwa krimu yoyote. Mama anapaka mkorogo usiku, losheni ya jua asubuhi, na anashangaa doa linapanuka. Losheni haiwezi kushindana na hilo. Lakini kama umetumia steroidi kwa miezi, usiikate ghafla ukiwa peke yako. Ngozi huwaka vibaya. Nenda kliniki ya ngozi upangiwe namna ya kuiacha.

"Imeniwasha" au "imenitoa vipele"

Tofautisha kwanza. Kuchoma kwa dakika chache baada ya kupaka, kisha kukaisha, ni ngozi kuudhika, mara nyingi kwa spiriti au manukato. Badili bidhaa. Vipele vidogo kama vya joto kwenye paji na kifua vinatokana na losheni nzito kuziba matundu ya jasho, tafuta nyepesi.

Muwasho unaotokea tu sehemu zilizopigwa na jua, siku moja au mbili baadaye, ni jambo jingine. Baadhi ya vichujio, yaani viambato vinavyozuia miale, hasa oksibenzoni na okokrilini, vinaweza kuleta mzio unaoamshwa na jua. Nimeona inafaa kuuliza pia juu ya jeli ya ketoprofeni ya kuchulia misuli, kwa kuwa aliyepata mzio wa jua kwa jeli hiyo huweza kuupata na kwa losheni zenye vichujio hivyo. Mtu huyo ahamie kwenye losheni za zinki oksaidi na titani dioksaidi peke yake.

Usisahau dawa za kumeza. Doksisaiklini, septrini, na haidroklorothiazaidi ya shinikizo la damu huifanya ngozi iwe nyepesi kuungua. Ukianza dozi na ghafla jua ulilolizoea likakuunguza, dawa inaweza kuwa ndiyo chanzo. Usiiache, rudi kwa aliyekuandikia umweleze.

Bidhaa mpya ijaribu kwanza kwa siku tatu au nne ndani ya mkono, karibu na kiwiko.

"Inachoma macho"

Ni jasho linalobeba vichujio vya kemikali hadi jichoni. Kwenye paji la uso na kuzunguka macho tumia ya zinki, au ya kijiti iliyo ngumu, na kofia ifanye kazi iliyobaki.

"Inaniacha mweupe kama nimepaka unga"

Zinki na titani ni punje nyeupe, na kwenye ngozi nyeusi zinaonekana. Usipunguze kiasi ili weupe upungue, kwa sababu umeshaona kiasi kinavyobeba kinga yote. Paka nusu, subiri ikauke, paka nusu nyingine. Au chukua yenye rangi. Na kuna jambo linaloaminiwa hata na wauzaji: kwamba hizi za madini zinarudisha jua nyuma kama bati. Zinarudisha kidogo tu. Kazi yao kubwa ni kuifyonza miale na kuigeuza kuwa joto dogo, sawa na zile za kemikali.

"Nguo nyeupe zimeingia rangi ya kutu kwenye kola"

Avobenzoni, kichujio cha UVA, ikikutana na maji yenye chuma huacha doa la rangi ya chungwa. Wenye kufulia maji ya kisima wataliona zaidi. Jiki hulizidisha. Acha losheni ikauke kabla ya kuvaa, na loweka doa kwenye maji ya limau kabla ya sabuni.

"Nitajuaje kama ni feki?"

Tangu mwaka 2019 vipodozi vyote, losheni za jua zikiwemo, viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya hapo vilikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Ukiwa na shaka na bidhaa, TBS ndipo pa kuuliza kama imesajiliwa.

Nchi hazikubaliani losheni ya jua ni kitu gani. Marekani inaihesabu kama dawa ya kununua bila cheti, Australia inaiweka kati ya bidhaa za tiba, Ulaya inaiita kipodozi, na sisi pia. Lakini hata usimamizi mkali una matundu. Mwaka 2025 chama cha walaji cha Australia, CHOICE, kilipima losheni 20 za madukani na 16 hazikufikia namba zilizoandikwa. Moja iliyodai 50+ ilipata 4. Basi mimi sikimbilii namba kubwa. SPF 30 ikipakwa ipasavyo inazuia asilimia 97 hivi ya miale ya UVB, na 50 inazuia 98. Asilimia moja hiyo haistahili bei mara mbili kwa mtu wa kawaida, ingawa 50 inampa nafasi kidogo yule anayepaka haba.

Kwenye chupa tafuta jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, na orodha ya viambato. Kikikosekana kimoja, iache. Chupa iliyopangwa mezani juani tangu asubuhi iache pia, hata kama ni halisi. Joto hutenganisha maji na mafuta, na losheni iliyotengana haisambai sawasawa juu ya ngozi. Ikitoka majimaji kwanza kisha mabonge, au harufu imegeuka, itupe. Usiiache kwenye boksi la pikipiki.

Mafuta ya alizeti ya Singida na mafuta ya nazi yanalainisha ngozi vizuri sana. Kinga yake dhidi ya jua ni ndogo mno kutegemewa, na ninaomba mtu yeyote anayempaka mtoto mwenye ualbino mafuta hayo kama kinga aache leo.

"Mwanangu ana ualbino, na ngozi imeanza kuwa ngumu"

Kwa mtoto huyu kila nilichosema juu kinabadilika uzito. Ngozi yake haina ile kinga ya asili. Madoa magumu yenye magamba kwenye masikio, shingo, midomo na nyuma ya viganja ni hatua ya mwanzo ya madhara yanayoweza kuwa saratani, na nchini kwetu saratani hiyo huwapata watu wenye ualbino wakiwa bado vijana.

Kofia iwe na ukingo mpana pande zote. Kapelo inaacha masikio na shingo wazi. Shati liwe la kitambaa kilichosukwa kwa kubana. Liinue juu kwenye mwanga: ukiona mwanga mwingi unapita, na miale inapita. Fulana nyembamba nyeupe iliyochakaa, hasa ikilowa, inakinga kidogo sana. Mwalimu aombwe kumkalisha mbali na dirisha, na gwaride na michezo vifanyike mapema asubuhi. Losheni iwe SPF 30 kwenda juu yenye kinga ya UVA, na midomo ipakwe pia.

Kuna losheni inayotengenezwa hapahapa nchini kwa ajili yao. Kilimanjaro Sunscreen, ambayo wengi wanaiita Kilisun, inatengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC na hugawiwa bure kwa watu wenye ualbino kupitia kliniki. Ulizia kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, au viongozi wa chama cha watu wenye ualbino wilayani kwako, ratiba ya ugawaji ikoje.

Mkague ngozi mara moja kwa mwezi, mchana, karibu na mlango penye mwanga: nyuma ya masikio, utosini kati ya nywele, kwenye shingo, midomoni. Kidonda ambacho hakijapona kwa wiki nne, kinachotoa damu kikiguswa, au uvimbe unaokua, usipakwe dawa yoyote ya dukani, ikiwemo ya kwangu. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo. Kikiondolewa mapema mara nyingi hupona, na kovu linakuwa dogo.